Anachonipikia Mama Yako

4 Machi

Mume wangu mpenzi,

Nimefika salama, na mtoto naye amefika salama. Njia nzima alikuwa akinipiga mateke kama abiria aliyepitishwa kituo chake. Mama yako alinipokea mlangoni, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akasema, "Karibu, Mpiga Chapa. Umekonda usoni, umenenepa miguuni." Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Amenipa chumba chako cha zamani. Kitanda kinalalamika nikijigeuza, na ukutani bado kuna mistari ya penseli uliyokuwa ukipimia urefu wako. Nimeiangalia sana hiyo mistari. Najizuia kufikiria kuchora mwingine chini yake. Wale wawili tuliowapoteza wamenifundisha kutofurahi mapema, na huyu ndiye wa kwanza kufika mwezi wa saba. Ndiyo maana nilikubali kuacha kazi ya kupiga chapa ofisini na kuja huku wakati wewe uko kwenye daraja lako. Ulisema nisikae peke yangu. Sawa, sipo peke yangu.

Ila kuna jambo nataka kukuuliza, usinicheke. Mama yako hataki nikanyage jikoni. Akitoka anafunga mlango na ufunguo anaufundika kwenye pindo la kanga. Na kila asubuhi anachukua kapu, anaenda nyuma ya nyumba penye ule ukuta uliopasuka, anachuma kijani kinachotambaa ardhini. Shina lake jekundu, majani madogo manene yaliyojaa maji, kama matone yaliyogeuka majani. Anavunja kila shina, analiinua karibu na jicho, ananong'ona kitu, ndipo analitia kapuni. Nimemwona dirishani. Halafu mchana kijani hicho kiko kwenye sahani yangu, kichachu na chenye utelezi. Yeye mwenyewe hakili. Anakaa mbele yangu mpaka nimalize.

Nilimwuliza, "Mama, hii ni mboga gani?" Akasema, "Ni mboga ya kuliwa."

Wewe unaijua?

Mkeo akupendaye


12 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimening'inia juu ya mto, maana lori la vyakula, ambalo ndilo posta yetu huku, lilifika nikiwa kazini na sikuweza kusubiri nishuke. Msimamizi akanifokea kwamba mchomeleaji akisoma barua za mapenzi hewani chuma kitashikana vibaya. Basi ujue daraja likianguka ni kwa sababu yako.

Hiyo mboga naijua kuliko ninavyolijua jina langu. Nyumbani tunaiita mboga nono, kwa ajili ya unene wa majani yake. Nimekuzwa nayo. Nilipoungua mkono nikiwa mdogo, Mama aliiponda akanibandika. Nikiwa na homa, anaipondaponda na kunipaka kwenye paji la uso. Tumbo likifunga, mboga nono. Jipu, mboga nono. Nyuki, mboga nono. Nilikuwa nadhani hata nikifeli hesabu atanibandika mboga nono.

Kuhusu jiko, usijali. Alipikia shule nzima miaka mingi, na kila mtu aliyeingia jikoni mwake alitoka na alama ya mwiko. Kula, lala, nenepa. Huku hakuna simu, mvua ikizidi hata lori halipiti, kwa hiyo usinitie wasiwasi nikiwa juu ya maji.

Mumeo, Fundi


19 Machi

Mume wangu,

Nilitaka kukuandikia barua ya kuchekesha kama yako. Nimeshindwa.

Mtaani kwenu kuna mwanamke mwenye duka la nyuzi na vifungo, watu wanamwita Mama Vifungo. Nilienda kununua sufu ya kufumia kofia ya mtoto. Akaniuliza naishi wapi, nikamwambia. Akaniuliza nakula nini, maana uso wangu haumpendezi. Nikamweleza hicho kijani. Aliacha kupima sufu. Akasema, "Binti, hiyo wanawake wa zamani waliinywa walipotaka mimba itoke. Mama mkwe wako ni mtu mzima, hawezi kuwa hajui."

Nilimwambia labda anachanganya na mmea mwingine. Akasema, "Labda." Lakini alinishika mkono nilipotoka, akauminya, kama anayeaga mtu anayeenda kuzikwa.

Tangu hapo siwezi kuacha kutazama. Jana nilipita karibu na kapu lake na nikaona shina moja limevunjika na linatoa maziwa meupe, mazito. Mboga gani inatoa maziwa? Nikanyoosha mkono, akatokea nyuma yangu akanipiga vidoleni, "Acha!" akalitupa lile shina upande wa pili wa ukuta.

Na kuna jambo lingine. Alfajiri anaingia chumbani kwangu. Anadhani nimelala. Anafunua shuka miguuni, anaminya vifundo vyangu kwa kidole gumba, anasubiri, anaminya tena. Halafu anasimama kimya. Nasikia pumzi yake. Mimi nafumba macho na kujifanya nimelala. Anatafuta nini miguuni kwangu?

Chakula chake nakitia kwenye mfuko wa plastiki nilionao mapajani akigeuka kuchukua maji, kisha nakimwaga kwenye mfereji. Nakula mkate ninaonunua mwenyewe.

Najua ni mama yako. Najua ulivyomzoea. Usimwambie nimekuandikia haya, nakuomba sana. Mimi ndiye ninayelala kwake, si wewe.

Mkeo


25 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inasonga, nguzo ya tatu imesimama.

Nakushukuru kwa kumpokea mke wangu. Nilitaka tu kujua anaendeleaje na anakula vipi. Bado unapika ile mboga nono? Nimesikia watu wakisema haifai kwa wajawazito. Sijui kama ni kweli, nauliza tu. Labda kwa sasa umpikie vitu vingine, mayai, dengu, viazi, mpaka tujue.

Usidhani nakufundisha kupika.

Mwanao


31 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Unanifundisha kupika.

Nani aliyekwambia haifai? Mboga nono niliila nikiwa na mimba yako na ukatoka na kichwa kikubwa mpaka mkunga akaita mwenzake. Inaongeza damu. Inalainisha tumbo, na mjamzito tumbo lake unalijua, au hulijui. Inapoza mwili. Inateremsha maji yaliyojaa mwilini. Ukichemsha maji ya kwanza ukayamwaga, uchachu unapungua na figo hazisumbuki. Mimi nimepikia watoto wa watu miaka na miaka na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao akiwa amelala ubaoni. Kinachodhuru ni ndugu yake, yule mwembamba anayetambaa pamoja naye na kutoa maziwa ukimvunja. Huyo ni sumu. Ndiyo maana navunja kila shina kwa mkono wangu na simruhusu mtu aguse kapu. Macho yangu si ya zamani, lazima nilete karibu.

Mkeo mwenyewe nampenda. Ni mpole, anajua kusoma magazeti kwa sauti nzuri. Ila hanizungumzishi. Anakula haraka, sahani inarudi nyeupe, mpaka najiuliza anakula na nani.

Wala si mara ya kwanza nampa hii mboga. Zile mimba mbili za mwanzo niliitia kwenye siki, nikafunga chupa, nikamtumia kwa mikono ya watu. Ulikuwa mbali kazini, hukujua. Nilimwambia mpelekaji aseme ni zawadi kutoka nyumbani.

Kuna jambo jingine juu yake ninaloliangalia, lakini si la kuandikwa kwenye karatasi. Likifika mahali pake utaambiwa.

Mama yako


6 Aprili

Mke wangu,

Soma hii ukiwa peke yako.

Usile chochote kinachotoka mkononi mwa mama yangu. Si mboga, si chai, si maji. Nunua mwenyewe, fungua mwenyewe. Usimwulize kitu na usigombane naye. Nimemwandikia shangazi yako akupokee. Akiwa tayari, ondoka bila kuaga, mimi nitabeba lawama.

Usiniulize sababu kwa sasa. Siwezi kuiandika, mkono unakataa. Nitakueleza nikiwa mbele yako.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Mto umefurika, wanasema hakuna anayevuka mpaka maji yapungue; mfuko wa barua tu ndio unaovutwa ng'ambo kwa waya. Daraja ninalolijenga ndilo ninalolihitaji.

Mumeo


8 Aprili

Mume wangu,

Sijapata jibu lako. Labda barua ziko njiani, labda anazichukua yeye kabla hazijanifikia. Hii nimemwomba Mama Vifungo aitume.

Nadhani ameshanipata. Sijui kwa njia gani. Kijani chake sijakila tangu nilipokuandikia, nakuapia, lakini mwili wangu unaharibika. Kichwa kinaniuma tangu juzi, hakiachi hata nikilala. Pete yako imenikaba kidoleni, nimeitoa kwa sabuni. Uso umevimba mpaka kioo kinanionyesha mtu mwingine. Pembeni mwa macho naona vitu vinavyometameta, kama cheche za kazi yako. Na hapa chini ya mbavu za kulia kuna maumivu, kama mtu amenipachika kiwiko. Nadhani anaitia kwenye chai. Chai sikuweza kuikataa, angejua.

Leo asubuhi nilimkuta amekaa kizingitini mwa chumba changu, analia. Aliponiona akafuta uso upesi, akasema moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Kwa nini alie, kama si kwa sababu ya kitu anachonifanyia?

Mtoto amepunguza kucheza. Siwezi kuwapoteza watatu. Ijumaa nitachukua sanduku dogo niseme naenda kliniki, kisha niende zangu kokote. Kama hutanisikia tena, ujue nilijaribu kumtoa mwanao humu ndani.

Mkeo


TELEGRAMU
12 Aprili

MAMA MPELEKE HOSPITALI SASA HIVI. KICHWA NA MACHO NA KUVIMBA NI PRESHA YA MIMBA. SI MBOGA. USINGOJE KESHO. MWANAO.


14 Aprili

Mwanangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Kalamu ni ya mlinzi, inakwamakwama, kwa hiyo soma polepole.

Mkeo yuko hai. Mtoto yuko hai. Nimeyaweka mwanzo usije ukayatafuta. Lakini mkeo hajaamka.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na kapu nyuma ya nyumba. Niliporudi, mlango wa chumba uko wazi na sanduku dogo halipo. Nilisimama hapo sijui muda gani. Ndipo akaja mtu wa posta na telegramu yako. Niliisoma mara moja tu, nikatoka bila viatu.

Nilimkuta dukani kwa yule mwanamke wa vifungo. Alikuwa amepita kuaga. Alikuwa sakafuni, mwanangu, anatetemeka mwili mzima, meno yameuma ulimi, macho yamegeuka, na vifungo vimemwagika kila mahali maana alianguka na rafu yake. Yule mwanamke amejibanza ukutani anapiga kelele kwamba nimeua. Nilimgeuza mkeo ubavu, nikamshika kichwa, nikamwambia yule mama, "Ukimaliza kelele kaite gari." Gari la mikate lilikuwa linashusha kwenye kona. Dereva alitupa trei za mikate barabarani, akatubeba.

Daktari alimpasua mchana huohuo. Ni msichana. Mdogo kama chupa ya maziwa. Wamemweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, na kila nikichungulia namtafuta mahali anapopumulia.

Daktari ni mwanamke kijana. Aliniuliza, "Alikuwa anaumwa kichwa?" Nikasema sijui. "Alikuwa anaona nyotanyota?" Sijui. "Mnaishi nyumba moja?" Nikasema ndiyo. Hakuniuliza tena. Afadhali angenifokea.

Sasa nikwambie lile ambalo sikutaka kuliandika. Mama yako mdogo, yule unayemwona kwenye picha sebuleni, hakufa kwa homa kama tulivyokuwa tukiwaambia. Alikufa na mimba, amevimba, akitetemeka hivihivi mikononi mwangu. Siku mkeo aliposhuka hapa nilimwangalia miguu, nikaiona miguu ya mdogo wangu. Kila alfajiri nilikuwa naingia kumminya nione kama kidole kinaacha shimo. Kilikuwa kinaacha. Na kila siku shimo linakaa zaidi. Nilimpa mboga nono kwa sababu mama yangu aliniambia inatoa maji mwilini, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuamini. Yangu sikula, niliona nikila nampunguzia. Sikumwambia chochote. Nilihofia nikilitaja jina la ule ugonjwa nitauita uje. Nilimwuliza tu kama wamempima kliniki, akasema wamempima, kumbe ilikuwa miezi ya nyuma, kabla hajaja kwangu.

Barua yako nimeiona. Alikuwa ameikunja ndani ya ngumi, muuguzi ndiye aliyemfungua vidole. Aliniuliza kama naitambua. Nikasoma. "Usile chochote kinachotoka mkononi mwa mama yangu."

Sina la kusema juu ya hilo kwa leo. Nina mgonjwa.

Mama


18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi na sistahili kuanza. Muuguzi wa kambi ndiye aliyeisoma barua ya mke wangu. Niliichukua kwake ili nimwulize dalili za sumu ni zipi. Hata hakumaliza ukurasa. Akaniuliza, "Mkeo ana mimba ya miezi mingapi?" kisha akanivuta mpaka kwenye gari la kampuni, tukaenda mpaka lile tawi la posta la upande huu wa mto. Njia nzima alikuwa akinieleza, mimi nikisikia neno moja tu: kifafa cha mimba. Kifafa cha mimba. Na nikawa nakumbuka kwamba nimemwandikia akukimbie wewe, mtu pekee aliyekuwa anamwangalia.

Uliposema ile ya chupa mbili, nilidhani nimeelewa kitu. Nililala nacho, nikaamka nacho. Sikuwa na ujasiri wa kukuuliza. Ningekuuliza ungenijibu.

Maji bado hayajapungua. Jana mtu alijaribu kuvuka kwa kamba na wakamvuta akiwa amekunywa mto. Nakaa ukingoni baada ya kazi na kutazama ng'ambo kama mjinga.

Mama, kama amefariki usinifiche kwa kunihurumia. Umezoea kutuficha mambo ya vifo. Niandikie neno moja. Yupo?

Mwanao


27 Aprili

Mume wangu,

Nipo.

Muuguzi wa wodi ameniazima mashine ya chapa ya karani, kaiweka juu ya kimeza cha kulia chakula kitandani, mapajani mwangu. Usishangae barua kupigwa chapa kama ya serikali. Macho yangu bado hayajarudi sawasawa. Upande wa kushoto ni ukungu, na wa kulia naona umbo la mtu lakini si uso wake. Daktari anasema yatarudi, kidogokidogo, na kwamba nimebahatika. Vidole vyangu vinajua herufi zilipo bila kuangalia.

Nilipoamka sikujua nimeamka. Kulikuwa na giza la kijivu, na mkono mgumu umeshika wangu. Nikadhani ni wewe, kwa ugumu wake. Nikasema, "Umevuka?" Sauti ikasema, "Sijavuka popote. Ni mimi." Nilipoitambua, mwili mzima ulishtuka, nikavuta mkono. Nilifanya hivyo, mume wangu. Mtu amekaa kitini siku zote hizo, na salamu yangu ya kwanza ni kumnyang'anya mkono.

Hakuondoka. Alivuta kiti nyuma kidogo, nikasikia miguu yake ikikwaruza sakafu, akasema, "Mtoto ni mzima. Msichana. Ukitaka nitoke nitatoka, lakini nilitaka uyasikie hayo kwa mtu wa nyumbani."

Nililia. Naye hakunibembeleza. Baadaye nikamwambia yote: mfuko wa mapajani, mfereji, Mama Vifungo, jinsi nilivyokuwa nikifumba macho alfajiri. Nilidhani atakasirika. Akauliza tu, "Yaani ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mimi nilikuwa natembea kwa ncha za vidole nisikuamshe. Tumekuwa watu wawili kwenye chumba kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake kwamba anaogopa. Mimi ningesema, au wewe ungesema. Hata neno moja." Akapenga kamasi. "Mfereji wangu lazima umenenepa sana."

Nilicheka, mshono ukaniuma, nikalia tena.

Daktari alipopita, nilimwuliza mbele ya Mama kuhusu ile mboga, maana sikutaka libaki katikati yetu. Alisema wajawazito wengi wanaila kama mboga nyingine yoyote, ina madini ya kuongeza damu na mafuta mazuri, lakini kuchemsha rundo lake na kunywa kama dawa hapendi. Akasema kwa kiasi cha sahani haikunidhuru. Halafu akamgeukia Mama, akasema polepole, "Lakini presha haiisikii, Mama. Ungemleta." Mama akasema, "Najua sasa." Tu. Nilisikia alivyolimeza hilo na nikamwonea uchungu kuliko nilivyojionea mimi.

Nikauliza pia kuhusu wale wawili, na zile chupa za siki. Alikuwa ameshanieleza Mama mwenyewe, kabla hujanieleza wewe. Daktari alisema hajui kilichowaondoa na hatajifanya anajua, ila hajawahi kuona mimba iliyotolewa na achari kijiko kimoja kwa chakula. Kwa kweli, mume wangu, chupa ya pili hata sikuifungua. Nilimpa mwenzangu wa ofisini. Hilo nimelisema hapahapa, Mama akiwa kitini. Akasema, "Sawa. Angalau yeye alishiba."

Kuhusu barua yako ya tarehe sita: ilinifikia Ijumaa asubuhi, nikiwa na sanduku mkononi. Ulisema utanieleza sababu ukiwa mbele yangu. Utanieleza. Sina hasira kama unavyodhani, lakini usije ukafikiri itapita hivihivi. Na mama yako utamweleza peke yake, mlango umefungwa, mimi sitaki kuwepo. Hataji jina lako. Jana muuguzi alimwuliza kama ana watoto, akasema, "Ninaye mmoja, anajenga daraja," na sauti yake ilikuwa nzito. Umemwumiza, na mimi ndiye niliyekupa cha kumwumizia.

Bado naogopa. Nilidhani nikiamka woga utaisha. Kila wauguzi wanapotembea haraka kuelekea chumba cha watoto, nashika ukingo wa kitanda. Mtoto ananyonya kwa mrija. Jana alisahau kupumua, wakamkumbusha kwa kumgusa unyayo. Mama ndiye aliyeniambia. Alikuwa amesimama pale kwenye kioo, akaja moja kwa moja akaniambia: alisahau, wamemgusa, amekumbuka. Tumekubaliana hivyo, kwamba kila kitu anachokiona ananiambia saa hiyohiyo, kibaya au kizuri, na mimi kila kinachoniuma namwambia. Leo nimemwambia naumwa jino. Akasema, "Hilo ungeweza kulificha."

Wanasema maji yameanza kupungua. Usivuke kwa kamba. Ngoja lori.

Kesho watanipeleka kwenye kiti cha magurudumu nikamguse. Kumwona nitangoja. Nimemwuliza mama yako anafanana na nani, akafikiri, akasema amechukua uso wangu, paji na pua na kila kitu, na kwamba hana alama yoyote ya ukoo wenu isipokuwa ukali. Sijui. Mimi macho yangu hayafiki huko. Namwamini.

Mkeo